Tuliotoka Kitara

Mama yangu alikuwa Muhunde wa Osso, katika milima ya Masisi. Baba yangu alikuwa Munyanga wa upande wa Pinga, Walikale. Jamaa hizi mbili hazikukubaliana juu ya mambo mengi, kuanzia mahari hadi namna ya kupika sombe, lakini jambo moja hazikuwahi kulibishania: wazee walitoka Kitara. Nyanya mzaa mama alielekeza kidevu mashariki, ng'ambo ya Nyiragongo, akasema kule kulikuwa na nchi ya majani mafupi, ng'ombe na chumvi, iliyotawaliwa na watu ambao siku moja walitoweka. Walipotoweka, wazee wetu wakafunga mizigo. Kwa nini waliondoka, kila msimulizi alikuwa na lake: njaa, ugomvi wa wana wa mwami, yaani mfalme, ndui. Babu upande wa baba alikuwa na nyongeza ambayo nyanya hakuwa nayo. Alisema walipoingia msituni waliwakuta Batwa, wawindaji wa msitu, na kwamba bila Batwa wangekufa wote kabla ya mvua za kwanza kwisha.

Nimefundisha historia na dini katika shule ya sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na darasani swali limenifuata mwaka hadi mwaka: "Mwalimu, Kitara ilikuwako kweli?" Zamani wanafunzi waliuliza kwa udadisi. Baada ya vita ya 1993 ya Walikale na Masisi walianza kuuliza kwa sababu nyingine. Walitaka kujua nani ana haki ya kukaa na nani anapaswa kuondoka. Nimeona mtoto wa miaka kumi na minne akingoja jibu langu kama anayengoja hukumu. Ndiyo maana siwezi kulichukulia swali hili kama mchezo wa wasomi.

Bunyoro, upande wa Uganda, hadithi ya Kitara imehifadhiwa kwa mpangilio kuliko kwetu. Kwanza walitawala Batembuzi. Wa mwisho wao, Isaza, alitumiwa ujumbe na Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, aliyetaka wachanjiane damu. Isaza akaogopa, akamtuma mtumishi afanye undugu ule badala yake. Nyamiyonga alipogundua, akamtega kwa binti yake, kisha kwa ng'ombe wazuri, na Isaza akawafuata ng'ombe hao hadi chini ya ardhi, asirudi tena. Kutokana na binti yule ukaja uzao wa Bachwezi: Ndahura, Mulindwa, Wamara. Walitawala nchi pana, wakafanya maajabu, na kabla watu hawajawazoea wakaondoka. Wengine husema waliingia ziwani, wengine husema walikwenda tu. Nyuma yao wakaja Babito kutoka kaskazini, na ukoo huo ndio ulioikalia Bunyoro hadi leo.

Mtu wa mjini akisikia hayo husema ni ngano. Mtu aliyelala Goma usiku wa Januari 2002 au wa Mei 2021, Nyiragongo ulipopasuka na moto ukashuka kuelekea nyumba, hasemi haraka hivyo. Katika ukanda wetu ardhi hufunguka kweli. Magharibi ya Uganda pia imejaa maziwa yaliyokaa ndani ya vinywa vya volkano za kale, na chumvi ya Katwe inatoka katika kinywa cha aina hiyo. Sisemi kwamba Isaza alimezwa na volkano. Nasema watu waliosimulia kwamba mfalme alipotelea chini ya ardhi waliishi juu ya ardhi yenye tabia hiyo, wakayasema waliyoyajua kwa lugha waliyokuwa nayo.

Wachimbuaji wa mambo ya kale nao walipeleka majembe yao. Karibu na mto Katonga pana mahali paitwapo Bigo bya Mugenyi, penye mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono, mengine yakikata mwamba, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 yakiunganishwa. Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, Merrick Posnansky akaendelea mwaka 1960. Si mbali na hapo, Ntusi, pana vilima vya takataka za kale vilivyojaa mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu, kazi ya watu waliokaa kuanzia karne ya 11 hivi hadi karne ya 15, kisha wakahama. Kwa hiyo palikuwa na jamii kubwa ya wafugaji na wakulima, yenye uwezo wa kuwakusanya watu wengi wachimbe, na jamii hiyo ilivunjika. Hilo halina ubishi. Lakini hakuna kigae kimoja chenye jina la Wamara. Mwaka 1958 mwanahistoria Christopher Wrigley aliandika kwamba Bachwezi hawakuwa wafalme kamwe; walikuwa miungu, na ni miungu waliovishwa baadaye mavazi ya wafalme. Na kweli, katika nchi nyingi za Maziwa Makuu Ndahura na Wamara wametolewa sadaka kwa vizazi vingi, na makuhani wao wamepagawa kwa majina hayo.

Basi mahandaki ni ya kweli, wafalme wana shaka. Nikifika hapo darasani wanafunzi hukata tamaa. Mimi napenda kuwaonyesha jambo lililonishangaza kuliko yote nilipoanza kulisoma suala hili. Sehemu ya mapokeo inayofanana zaidi na historia ndiyo dhaifu. Orodha za wafalme, zenye majina yaliyopangwa baba baada ya mwana, ndizo zilizoguswa sana na mikono ya karne ya 20. Apolo Kaggwa alichapisha orodha ndefu ya wafalme wa Buganda mwaka 1901, na Bunyoro, iliyokuwa imeshindwa vitani na kunyang'anywa ardhi, haikuweza kukubali kuonekana changa kuliko jirani. Miaka ya 1930 mfalme Tito Winyi mwenyewe aliandika historia ya ukoo wake katika jarida la Uganda akitumia herufi za K.W., na mwaka 1947 John Nyakatura akatoa kitabu chake kikubwa. Mwanahistoria David Henige alipolinganisha orodha hizi na zile za wakusanyaji wa mwanzo, aliona kwamba zilikuwa zimerefuka. Sehemu inayofanana na ndoto, yaani ng'ombe wa Nyamiyonga na mfalme aliyepotea chini, hiyo hakuna aliyeona faida ya kuirekebisha. Imesimuliwa mahali pengi, na watu wasiofahamiana.

Mfano wa sehemu hiyo ya kuzimu uko kwetu Walikale. Mwaka 1956, katika kijiji cha Bese, mzee msimulizi Shé-Kárisi Rureke aliimba na kusimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wa Kinyanga, na mwaka 1969 utendi huo ukachapishwa, Biebuyck akishirikiana na mwanaisimu wa kwetu, Kahombo Mateene. Mwami Shemwindo wa Tubondo anakataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, akiwa tayari anasema na kutembea. Baba anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anarudi na nguvu za wajomba na za shangazi yake Iyangura, na baba anakimbilia kuzimu. Mwindo anamfuata huko kwa njia ile ile. Muisa, mmoja wa wenye nchi hiyo ya chini, anampa kazi zisizowezekana: kupanda migomba na kuivuna siku hiyo hiyo, kurina asali kwenye mti wa hatari. Anazifanya, anampata baba yake, anamrudisha juu.

Weka masimulizi hayo mawili kando kwa kando. Bunyoro mfalme anapotelea kuzimu na harudi. Mjukuu anaanza ufalme mpya bila yeye. Kwetu msituni mwana anashuka, anamtoa baba aliyetaka kumuua, anamrudisha nyumbani, watu wanakaa kikao, baba anakiri makosa yake hadharani, na nchi inagawanywa mara mbili ili baba atawale upande mmoja na mwana upande wa pili. Hii si nakala ya ile. Ni watu waliopokea picha moja ya kale na kuifikiria upya, kwa shida zao. Naamini katika kulinganisha huko kuna ushahidi wa undugu kati ya Kitara na sisi wenye nguvu kuliko orodha yoyote ya majina.

Anayedhani Kitara ni ngano tu ailinganishe na Atlantis, nchi nyingine inayosemwa kuwa ilipotea. Plato aliandika juu yake karibu mwaka 360 kabla ya Kristo, katika vitabu viwili, Timaios na Kritias. Alisema habari ilitoka kwa makuhani wa Misri, wakampa Solon wa Athene, na kwamba nchi hiyo ilizama miaka 9,000 kabla ya Solon. Kabla ya Plato hakuna mtu tunayemjua aliyeitaja. Hakuna ukoo uliosema babu yetu alitoka huko, hakuna mahali palipotolewa sadaka kwa wafu wake, hakuna watu wawili wasiojuana walioisimulia kwa tofauti. Watu wameitafuta Santorini, Hispania, hata Amerika, na imewakimbia kote. Kitara ina wajukuu. Wajukuu wanaweza kusema uongo, nakubali, lakini mtu wa kumhoji yupo.

Tatizo la Kitara lilianza ilipotafsiriwa na wageni waliotaka kuisoma kama historia ya damu. Mpelelezi John Hanning Speke, kama aelezavyo katika kitabu chake cha 1863, alisikia habari za watawala wa kale wa nchi hizi na kuamua kwamba lazima walikuwa jamii nyingine, iliyotoka Uhabeshi, yenye kuzaliwa kutawala. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na nadharia, na nadharia hiyo ikapita kwa wamisionari, ikaingia katika vitabu vya shule, ikaamua Rwanda nani akae juu na nani akae chini. Ikafika Kivu nayo. Leo jina lile lile la Kitara analolitaja Muhunde kama nchi ya babu zake, wengine hulitaja kwa hofu katika uvumi wa himaya ya Wahima, jamii ya wafugaji, inayopangwa kuimeza Kongo. Nimeyasikia hayo mawili kutoka kinywa cha mtu mmoja, kikao kimoja, na hakuona kwamba alikuwa akijishtaki mwenyewe kuwa mzao wa himaya anayoiogopa.

Serikali zetu nazo zilichukua masimulizi zikayafanya karatasi za kisheria. Wabelgiji, kuanzia mwaka 1937, walileta kwa mpango maalumu makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda wakalime na kuchunga Masisi, juu ya wengine waliokuwapo tayari. Baada ya uhuru ikabidi kuamua nani ni raia. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta mlango huo, ikadai babu yako awe wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mzungu wa kwanza kuliona Ziwa Kivu, von Götzen, alifika mwaka 1894. Mtu wa Masisi alitakiwa athibitishe kwamba babu yake alikuwa upande sahihi wa mstari ambao, siku hiyo, hapakuwa na mtu yeyote wa Masisi aliyewahi kuusikia. Na atathibitisha kwa nini, kama si kwa masimulizi? Kila jamaa ikakimbilia kwa wazee wake ikawaagiza wakumbuke. Machi 1993 damu ilimwagika kwenye soko la Ntoto, Walikale, kisha vita ikapanda milimani Masisi, na maelfu wakafa. Sheria ya 2004 imeirudisha tarehe hadi uhuru, jambo jema, lakini tabia ya kuuliza "ulifika lini?" haijafutwa na sheria.

Hapa ndipo swali la Kitara linapokuwa swali la dini kwangu, kwa sababu mimi ni katekista pia, na kila mwaka nawasomea watoto habari za kutoka Misri. Wanaojua wanasema hakuna maandishi ya Misri yanayosimulia kutoroka kwa watumwa Waebrania. Jina la Israeli linaonekana kwa mara ya kwanza katika nguzo ya Farao Merneptah, karibu mwaka 1208 kabla ya Kristo, na hapo linatajwa kama watu walioshindwa. Imani yangu haikutikisika kwa hilo. Ninachokiona katika Torati ni kwamba Waisraeli waliamriwa kukumbuka nchi waliyotoka kwa kazi maalumu. Mkulima alipoleta mavuno ya kwanza madhabahuni alipaswa kukiri kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Aliamriwa asimwonee mgeni kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa mgeni. Kumbukumbu ya nchi ya mbali haikuwekwa ili ithibitishe umiliki. Iliwekwa imzuie mwenye shamba asijisahau.

Najua pingamizi moja lenye nguvu, na nimelibeba muda mrefu. Kusema "tulitoka Kitara" si unyenyekevu tu. Ni fahari pia. Kitara ilikuwa kubwa, na watawala wengi wa Maziwa Makuu walidai kuwa wazao wake ili wapate heshima, kama vile koo za Kilwa na miji mingine ya pwani zilivyosema zimetoka Shiraz, hali lugha yao na makaburi yao vinaonyesha Uafrika mwingi. Hata lugha zetu zinalitilia mkazo pingamizi hili. Kihunde kiko katika kundi moja la lugha za Maziwa Makuu pamoja na Kinyoro. Kinyanga wanaisimu wengi hukiacha nje ya kundi hilo. Kama Banyanga wote wangetoka Kitara, ningetarajia maneno ya baba yangu yafanane zaidi na ya mama yangu. Maelezo ninayoyaona mepesi zaidi ni kwamba walioshuka kutoka mashariki walikuwa wachache, labda koo za bami na wafuasi wao, wakaoa msituni, wakajifunza kusema kama waliowakuta. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya damu ya babu yangu huenda haikutoka Kitara hata kidogo. Ilitoka kwa wenyeji waliokwisha kuwapo, na simulizi la wachache likawa la wote.

Nikikubali hayo yote, kinachobaki ni nyongeza ya babu: waliwakuta Batwa, na Batwa wakawaokoa. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiamini kwa moyo wote, na sababu yangu ni ya kawaida, ile wanayoitumia mahakimu na hata wachambuzi wa Injili: shahidi anayesema jambo lisilomfaidia huaminika zaidi. Ufalme mkubwa mtu anaweza kuuazima. Deni haliazimwi. Munyanga hapati heshima yoyote kwa kusema kwamba babu zake walifika wakiwa hawajui kuwinda, hawajui njia, na wakafundishwa na watu ambao leo kila mtu anawadharau. Hata hivyo wamelisema, na hawakuishia kulisema. Katika kutawazwa kwa mwami wa Banyanga Batwa walikuwa na kazi zao za lazima; mamlaka hayakukamilika bila wao. Banyanga wenyewe huiunganisha sanaa ya utendi wa Mwindo na Batwa. Mshindi hamweki aliyemshinda katikati ya ibada yake ya utawala isipokuwa analo la kukiri. Mahandaki ya Bigo yanathibitisha kwamba watu walichimba. Ibada hii inathibitisha kwamba watu walifika, wakakuta wenyeji, wakapokewa.

Kwa hiyo mwanafunzi akiniuliza kama Kitara ilikuwako, namwambia ndiyo, nchi ilikuwako, na wafalme wake siwezi kuwathibitisha, na babu yako huenda alikuja na huenda alikutwa. Namwambia pia kwamba kila anayelitaja jina hilo kwa ukweli amekiri kuwa mgeni. Binti mmoja wa familia ya Kinyarwanda kutoka Kilolirwe aliwahi kunyoosha mkono baada ya somo hilo, akasema, "Basi Mwalimu, sisi na wao tofauti yetu ni miaka tu." Darasa lilichafuka. Mvulana wa Kihunde nyuma yake akasema miaka si kitu kidogo, kwamba babu yake alizikwa pale na babu wa babu pia, na kwamba ng'ombe wa watu wengine sasa wanakanyaga makaburi hayo. Sikumnyamazisha yeyote, kwa kuwa wote wawili walisema kweli. Makaburi ya babu ni haki, nami nina ya kwangu Osso ambayo sijaweza kuyafikia kwa miaka mingi. Nilichowaomba ni kwamba haki hiyo waidai kwa jina la makaburi, la mashamba yaliyolimwa, la mikataba iliyovunjwa, mambo ambayo mashahidi wake wako hai na hesabu yake inaweza kufanywa. Wasiidai kwa jina la Kitara.

Nimekaa kama mwandishi wa kumbukumbu katika vikao vya kupatanisha watu juu ya ardhi, Kitshanga na Nyabiondo. Wazee huanza mbali sana. Wa Kihunde anasimama anaeleza safari ya mababu kutoka mashariki, wa Kinyarwanda anasimama anaeleza mipaka ya zamani ya Gishari, wa Kinyanga anataja mito, na mimi naandika yote. Kila mmoja anaanza na kufika kwa watu wake mahali fulani, na kila mmoja, akisikilizwa vizuri, anamtaja Mutwa aliyekuwa pale mbele yao: aliyewaonyesha maji, aliyemwongoza mwami, aliyepewa sehemu ya nyama. Nimeliandika jina hilo kwa mkono wangu katika daftari nyingi. Katika vikao vyote nilivyoandika, Mutwa hajawahi kuitwa kusema ardhi ni ya nani.